Fahamu: Kurudisha matamshi kwa kuutazama ulimi kwenye skrini

Ni nini?
Ni mazoezi ya mtu mzima aliyeharibikiwa matamshi, mara nyingi kwa kiharusi au jeraha la kichwa. Kifaa cha ultrasaundi huwekwa chini ya kidevu, au mgonjwa huvaa kaakaa bandia lenye vihisio, naye huona ulimi wake unakwenda wapi. Akitaka kusema "s" ikatoka "sh", analiona kosa papo hapo na kujaribu tena. Kioo cha kawaida huonyesha midomo tu.

Inamfaa nani?
Mwenye misuli dhaifu ya kinywa, au ambaye ubongo wake unashindwa kupanga matamshi. Aliyepotewa na maneno yenyewe ana tatizo jingine, ingawa wengi huyachanganya matatizo haya mawili. Matokeo yanatia moyo, ila tafiti nyingi zimehusisha wagonjwa wachache.

Wakazi wa Kilosa na Mikumi je?
Mikumi iko kando ya barabara kuu ya Morogoro–Iringa, na treni ya SGR husimama Kilosa, hivyo Dar es Salaam inafikika kwa anayetafuta matibabu. Kikwazo ni uchache wa wataalamu wa tiba ya matamshi: hata kwa majirani, Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza shahada ya fani hii mwaka 2008 tu.

Mdomo ukipinda au maneno yakikwama ghafla, huenda ni kiharusi: wahi hospitali saa hiyo hiyo.