Je, Wajua? Kabati Linaloua Askari

Adui wa jeshi la kale la mezani anaweza kuwa kabati lenyewe! Askari wengi wa zamani wa michezo ya vita waliundwa kwa madini ya risasi. Mbao, hasa za mwaloni, hutoa mvuke wa asidi ileile ya siki, nao hugeuza risasi kuwa unga mweupe wenye sumu. Usiupulize. Wakusanyaji makini huwahifadhi askari wao mahali pakavu, mbali na mbao hizo.

Ajabu ni kwamba wengine walikwishapigwa mizinga. Katika kitabu chake cha kanuni za mchezo wa vita, Little Wars cha 1913, mwandishi H. G. Wells alitumia mizinga midogo ya springi iliyorusha vipande vya mti: aliyeangushwa, amekufa.