Ugumu wa kitu si uimara wake

MAJUZI nikiwa ndani ya matatu, nilimsikia mtangazaji redioni akisema kuna metali "imara kuliko almasi, haivunjiki hata kwa nyundo". Abiria mwenzangu akaguna kwa mshangao. Mimi niligunia neno "imara".

Katika sayansi, ugumu ni uwezo wa kitu kutokwaruzwa wala kubonyezwa. Uimara, kwa maana ninayoitetea hapa, ni kustahimili pigo bila kupasuka. Kioo ni kigumu kuliko shaba, lakini hebu kiangushe sakafuni! Almasi nayo hupasuka ikigongwa nyundo.

Nadhani aliyekusudiwa ni reniamu daiboraidi. Hii si metali bali ni kampaundi: kila atomu ya reniamu ina atomu mbili za boroni. Reniamu peke yake ni vigumu kuigandamiza, ila tabaka za atomu zake huteleza, kwa hivyo hupindika. Boroni huzifunga tabaka hizo kwa viunganishi vikali.

Utayarishaji wake ndio ulionivutia. Almasi ya kiwandani kwa kawaida hutaka shinikizo la zaidi ya mara 50,000 ya lile la hewa tunayovuta. Hii haitaki hayo. Unga wa reniamu na wa boroni huchanganywa, ukashindiliwa, kisha ukayeyushwa kwa cheche ya umeme, kama ile ya fundi wa kuchomelea, ndani ya gesi ya agoni. Au hutiwa katika neli ya kwazi isiyo na hewa na kupashwa moto wa nyuzi 1,000 kwa siku tano. Kinachokwaza ni bei, maana reniamu ni adimu mno.

Mwaka wa 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliripoti kwamba iliikwaruza almasi. Kwa mbonyezo mwepesi, wa nusu nyutoni hivi, ugumu wake ulifika gigapaskali 48. Mbonyezo ulipoongezwa mara kumi, ukashuka hadi 30. Kumbuka kwamba kitu huitwa "kigumu mno" kikifikisha 40. Basi wenzao wakawapinga: je, jina hilo linastahili? Kumbe nao walikuwa wakibishania istilahi, sawa na sisi.

Mtangazaji wetu angesema tu kwamba ni ngumu kiasi cha kuripotiwa kuikwaruza almasi, na nyundo akaiacha.