Chozi Anapogeuza Shingo

Je, wajua kwamba kijani king'aacho kooni mwa madume ya aina kadhaa za ndege waitwao chozi si rangi kama ya jani? Jani lina kemikali ya kijani ndani yake. Koo la chozi halina. Ndani ya manyoya yake mmepangwa matabaka membamba mno ya melanini, dutu ileile inayotia nywele zetu weusi. Mwanga ukiyapiga, sehemu yake hurudi kutoka kila tabaka, na mawimbi yanayoafikiana hutiana nguvu. Hapo jicho huona kijani. Pembe ikibadilika, kijani hupotea, koo likabaki jeusi.

Ndiyo maana wengi humpiga picha chozi wakapata ndege mweusi, kisha wakalaumu kamera. Kamera haina kosa; imetoka mbali. Mwaka 1975 Steven Sasson wa kampuni ya Kodak alipounda kamera ya dijitali, picha moja isiyo na rangi ilichukua sekunde 23 kuhifadhiwa kwenye kaseti. Leo kamera ya kawaida hupiga picha kadhaa kwa sekunde moja. Kazi iliyobaki kwetu ni kusoma nuru.

Tafuta mshubiri uliochanua au ua la mgomba, kisha simama jua likiwa mgongoni, kivuli chako kikielekea kwenye maua. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi jua liko chini, na mwanga hufika hadi chini ya mdomo wa chozi. Adhuhuri mwanga humwangukia utosini, koo likabaki gizani. Mara nyingi chozi hunywa nekta akiwa ameshika bua kwa miguu, tofauti na ndege wavumaji wa Amerika wanaoelea hewani. Basi lenga bua hilo mapema, umngoje.

Kichwa chake hakitulii, kwa hiyo kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde; akiruka, 1/2000 au zaidi. Mwanga ukipungua, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga: chengachenga kwenye picha huvumilika, lakini ukungu wa mtikisiko hauna dawa. Fokasi iwe kwenye jicho. Manyoya meusi yakijaza picha, kamera hudhani kuna giza, ikazidisha mwangaza hadi mng'ao ukaungua na kuwa doa jeupe. Upunguze kidogo wewe mwenyewe.

Ukikuta kiota, ondoka. Usikate tawi linalokificha ili upate picha safi, kwa maana mzazi akitishika, makinda hukosa chakula, na adui naye huona njia.

Rudi kwenye maua, ubonyeze mfululizo kila anapotua. Picha nyingi zitatoka nyeusi. Lakini atageuza shingo kulielekea jua, hata kwa nukta moja tu, na picha ya nukta hiyo itawaka kijani.