Kuandika mtandaoni juu ya wenzako wa kazi: kuficha jina hakutoshi

Umetoka kazini jioni ukiwa na hasira. Mkubwa wako amekugombeza mbele ya watu, tena mwenzako amejipatia sifa kwa kazi uliyoifanya wewe. Unachukua simu, unaandika mistari michache bila kutaja jina la mtu, unaiweka mtandaoni. Kesho asubuhi, biro yote imekwisha kuisoma.

Iwe Bunia, Butembo, Bukavu ao Lubumbashi, wafanyakazi wengi wanaweka siku hizi maisha yao ya kila siku kwenye Facebook ao kwenye statu ya WhatsApp. Ni kama daftari la siri, lakini daftari hilo liko wazi mbele ya watu wote.

Jambo hili halikuanza leo. Heather Armstrong, mwanamke wa Marekani, alifungua ukurasa wake dooce.com mwaka wa 2001. Wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kampuni ndogo ya Los Angeles, na kwenye ukurasa huo aliwaandika kwa mzaha wakubwa na wenzake. Mwaka wa 2002 akafukuzwa kazi. Kutokana na jina la ukurasa wake, Waingereza na Wamarekani walipata neno jipya, « dooced », maana yake kupoteza kazi kwa sababu ya yale uliyoandika mtandaoni. Armstrong, aliyefariki Mei 2023, aliwaonya wasomaji wake wasifanye kosa kama lake.

Huko Paris, Catherine Sanderson, Mwingereza aliyekuwa sekretari katika biro ya wahasibu, alikuwa na daftari la mtandaoni lenye jina Petite Anglaise. Hakutaja jina lake wala la kampuni. Lakini picha yake ilionekana pale, na wakubwa wakasema inatosha kuwatambulisha. Alifukuzwa mwaka wa 2006. Mwaka wa 2007, tribinali ya kazi ilimpa haki, na kampuni ikaamriwa kumlipa karibu euro 44.000. Alishinda kesi, lakini ile kazi ilikuwa imekwisha kupotea.

Hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. Katika biro ya watu sita, ukiandika « yule anayefika kila siku saa nne na kusingizia mvua », jina la nini tena? Kila mtu amejua. Na yule uliyemwandika hana nafasi ya kujieleza. Labda anachelewa kwa sababu ana mgonjwa nyumbani. Wewe umeonyesha upande mmoja tu, na watoto wake nao wanausoma.

Sheria inasema nini?

Katika nchi yetu, Kodi ya penali, katika makala yake ya 74, inamwazibu mtu anayemtupia mwenzake hadharani, kwa nia mbaya, jambo fulani la kumvunjia heshima: kifungo cha siku nane hadi mwaka mmoja. Tena kuna Kodi ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023. Makala yake ya 360 inamhusu anayeanzisha ao kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwa njia ya mitandao: kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita, na faini ya franka za Congo 500.000 hadi 1.000.000, ao moja tu kati ya azabu hizo.

Je, mfanyakazi anyamaze tu? Hapana. Mshahara usiolipwa, matusi, mkubwa anayewasumbua wasichana wa kazi: hayo si ya kufichwa. Lakini yana mahali pake. Kuna mjumbe wa wafanyakazi, kuna inspekta wa kazi, kisha tribinali. Andika kila kitu kwenye daftari la karatasi: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, na walioshuhudia. Daftari hilo litakusaidia mbele ya inspekta. Lakini maneno uliyoyaweka mtandaoni kwa hasira, mkubwa wako anaweza kuyapiga picha na kuyatumia juu yako.

Na kama ni hasira tu, iache ilale usiku mmoja. Kesho mtakutana tena na mwenzako huyo mlangoni, na kazi ni ile ile inayolisha watu wa nyumbani kwako na wa kwake.