Tarehe na Vizio katika Uingizaji wa Data za Mvua: Mfano wa Gitega na Muyinga

Nchini Burundi, tarehe huandikwa kwa desturi ya Kifaransa: siku hutangulia mwezi, na desimali hutengwa kwa mkato. Programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huisoma 03/07 ya Muyinga, yaani 3 Julai katikati ya kiangazi, kuwa 7 Machi. Sifuri ya kiangazi huhamia msimu wa mvua, na mshauri wa kilimo huona ukame usiokuwapo. Tarehe 132 za kila mwaka hugeuzwa hivyo bila onyo. Zile za kuanzia siku ya 13 hukataliwa na kubaki maandishi matupu, nazo ndizo zinazofichua kasoro. Afadhali kosa linaloonekana. Mkato nao huweza kupuuzwa, milimita 12,4 za Gitega zikawa 124.

Upo pia mtego wa kizio. Hazina ya kimataifa ya GHCN-Daily huhifadhi mvua kwa sehemu za kumi za milimita, na pengo huwakilishwa na -9999. Anayegawanya kwa 10 kabla ya kuondoa mapengo hupata -999,9, thamani ambayo kichujio kinachosaka -9999 hakiioni. Mapengo yaondolewe kwanza, ndipo thamani zigawanywe. Tarehe nazo ziandikwe kwa mpangilio wa ISO 8601, mwaka-mwezi-siku, kabla faili haijatoka kituoni.