«Split up»: Waliachana, walitenganishwa ao walipotezana?

Vijana wengi wa Bukavu wanajifunza Kiingereza wakitafuta kazi katika mashirika ya misaada ao biashara na Uganda. Kati ya maneno wanayokutana nayo mapema ni «split up». Mwalimu akilisema darasani, wanafunzi wanajigawa katika vikundi. Likisemwa juu ya watu wawili, kamusi inajibu: kuachana. Jibu hilo halitoshi, na anayetafsiri vibaya anaweza kuharibia mtu maisha.

Tuanze na ndoa. «They split up» ni kusema wapenzi ao bwana na bibi waliachana, bila kueleza kama sheria imehusika. Mama wa Kadutu naye anaweza kusema «tuliachana» kwa sababu tu bwana alihama nyumba. Lakini kwa walioandikisha ndoa yao komini, Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka talaka itolewe na tribunali. Kabla ya hukumu, huyo mama angali bibi wa ndoa, na haki zake zipo. Kwa hiyo kwenye karatasi ya Kiingereza asiandikwe «divorced», maana hajapewa talaka.

Kuna pia «The family was split up»: jamaa ilitenganishwa. Hapa mwisho wa kitenzi cha Kiswahili unasema mengi. «Waliachana» ni kwa kutaka kwao. «Walitenganishwa» ni kwa mkono wa mwingine. Tena Bukavu tuna neno la tatu: «tulipotezana», lisilomlaumu yeyote kati yao.

M23 ilipoingia mjini Februari 2025, watu walikimbia kila upande. Mama anayesema «nilipotezana na mtoto wangu» hakumuacha. Mtafsiri akiandika «she left her child», amemgeuza kuwa mzazi aliyemtupa mtoto. Kwa CICR na Msalaba Mwekundu, wanaosaidia jamaa zilizopotezana kupatana tena, tofauti hiyo ni kubwa: mtoto aliyepotezana na wazazi ana watu wanaomtafuta.

Basi, kabla ya kutafsiri, uliza kwanza: ni nani ao ni nini kiliwatenganisha? Wakijibu ni wao wenyewe, «split up» inafaa. Wakijibu ni vita, andika «separated by the war», na vita ibebe lawama yake.