Mpango wa Chakula wa Disney: Tuhesabu Sahani Kabla ya Kulipa



Kila shule zinapokaribia kufungwa, swali lilelile huzunguka pale mlangoni wakati wa kuwachukua watoto: tunakwenda Disney World kule Florida, je, tulipie na chakula kabisa? Wengi wenu mmeweka akiba mwaka mzima, baadhi kwa zamu za usiku, na mnataka mkishafika msitoe tena pochi mfukoni. Nawaelewa. Lakini mpango huu ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Bei yake imepangwa kwa kumfikiria mtu anayekula kwa namna fulani, na jambo la kujiuliza ni kama nyumbani kwetu tunakula hivyo.

Kwa familia nyingi za shule yetu, naona hatuli hivyo. Wapo ambao utawafaa sana, nao nitawataja. Kwanza tuelewe unavyofanya kazi.

Mpango unauzwa kwa watu wanaonunua kifurushi cha kulala katika hoteli za Disney zenyewe. Ukilala kwa shemeji yako Orlando, au katika hoteli ya bei nafuu huko Kissimmee, haukuhusu. Ulisimamishwa wakati wa korona mwaka 2020, ukarudishwa Januari 2024 ukiwa wa aina mbili. Wa kwanza ni wa chakula cha kaunta: unaagiza, unapewa trei, unatafuta meza mwenyewe. Kwa kila usiku mmoja, kila mtu anapata milo miwili ya namna hiyo pamoja na kitafunwa kimoja. Wa pili una mlo mmoja wa kaunta, mlo mmoja wa kuketi na kuhudumiwa mezani, na kitafunwa kimoja. Katika aina zote mbili kila mtu anapewa kikombe cha kujazia soda, chai au kahawa hotelini muda wote wa safari.

Milo hiyo inahesabiwa kama kuponi, ingawa hakuna karatasi. Zinakaa kwenye kompyuta zao na zinakatwa unapoagiza. Angalieni neno usiku. Ukifika Jumatatu na kuondoka Ijumaa, utakuwa pale siku 5, lakini kuponi ni za usiku 4. Zinawekwa katika fungu moja la familia, mnaweza kuzitumia leo nyingi kesho chache, ila saa sita ya usiku siku ya kuondoka zilizobaki zinakufa. Hazirudishiwi fedha.

Sasa wanafunzi wa darasa la kati, chukueni penseli. Ninatumia bei za mwaka 2024, mpango uliporudi; za safari yenu zitakuwa tofauti, lakini njia ya kuhesabu haibadiliki. Mpango wa kaunta ulikuwa dola 57.01 kwa mtu mzima kwa usiku, na dola 23.83 kwa mtoto. Mpango wa kuketi mezani ulikuwa dola 94.28 kwa mtu mzima na 29.69 kwa mtoto.

Tuchukue familia ya baba, mama, binti wa miaka 12, kijana wa miaka 7 na mdogo wao wa miaka 2. Hapa ndipo wazazi wengi wanaposhtuka: kwa Disney, mtoto ni wa miaka 3 hadi 9. Akitimiza miaka 10 ni mtu mzima mbele ya keshia, hata kama nyumbani mnambembeleza amalize nusu sahani ya wali. Kwa hiyo familia yetu ina watu wazima watatu na mtoto mmoja. Yule wa miaka 2 hahesabiwi. Anakula katika sahani za wenzake, na kwenye bufee halipiwi.

Watu wazima watatu ni dola 171.03. Ongezeni 23.83 za kijana, mnapata 194.86 kwa usiku. Kwa usiku 4 ni dola 779.44. Mkichagua ule wa kuketi mezani, inakuwa dola 1,250.12.

Je, wangekula kiasi gani wakilipa taslimu? Sahani nyingi za kaunta kwa mtu mzima huwa kati ya dola 12 na 18. Tushike 15. Soda ni kama dola 5, kitafunwa kama 6. Milo miwili yenye soda na kitafunwa kimoja inafika dola 46, na ukiongeza kodi ya mauzo ya asilimia 6.5 ni kama dola 49. Kikombe cha hoteli kinauzwa kama dola 22, tukikigawa kwa usiku 4 ni dola 5 na nusu. Jumla ni takriban 54 na nusu. Mpango ulikuwa 57. Maana yake, hata mtu anayechukua kila kitu, soda kila mlo na kikombe juu yake, bado hajaifikia bei mpaka achague sahani za ghali.

Sasa mtazameni anayekunywa maji. Milo miwili na kitafunwa, bila soda na bila kikombe, ni dola 36, pamoja na kodi kama 38. Anaacha karibu dola 19 mezani kila usiku. Kwa watu wazima watatu kwa usiku 4, hizo ni zaidi ya dola 220. Na maji pale ni ya bure: kaunta yoyote yenye mashine ya soda itakupa kikombe cha maji ya barafu ukiomba. Hapa naomba niseme kama muuguzi. Jua la Florida la mwezi wa Julai si mchezo, na mtoto anayezunguka na kikombe cha soda tangu asubuhi hajanywa maji. Kikombe cha kujaza bila kikomo si faida ninayoihesabu.

Kinywaji katika mpango kinaweza pia kuwa bia au divai kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Bei imepangwa kwa kujua hilo. Kileo kimoja pale kinaweza kupita dola 10, kwa hiyo anayekunywa hurudisha fedha zake haraka. Nyumba isiyotumia kileo inalipa bei ileile na kuchukua soda ya dola 5.

Kisha kuna suala la bibi. Wengi wetu hatusafiri baba, mama na watoto tu. Mama mzazi amekuja kutoka Tanga au Bujumbura, na hatuwezi kumwacha nyumbani. Kanuni ni kwamba mkichukua mpango, kila mtu mwenye miaka 3 na zaidi katika kifurushi hicho lazima awe katika mpango uleule. Huwezi kuwalipia vijana wawili wenye njaa ukamwacha bibi. Naye atakula supu na kipande cha mkate, atalipiwa kama kijana wa miaka 19. Akiwa na kisukari jambo lina uzito zaidi, kwa sababu mwenye kisukari anahitaji kula kwa saa zake. Mikahawa ya kuketi inahitaji kuwekewa nafasi, nayo hufunguliwa siku 60 kabla. Ukichelewa, inayobaki ni saa tatu kasoro usiku, na kuponi ukiwa umeshailipia utajikuta unamsubirisha mgonjwa ili usiipoteze.

Kwa wanaokula halali tu, ulizeni kabla ya kulipa, mkahawa kwa mkahawa, si baada ya kufika. Kama nyama iko nje ya orodha yenu, mnabaki na samaki, piza ya jibini na saladi, ambazo mara nyingi ndizo sahani za bei ya chini. Kuponi moja inanunua sahani ya dola 12 sawasawa na ya dola 20.

Na bakshishi haimo katika mpango. Mkiketi mezani, mhudumu anatarajia asilimia 18 hadi 20 ya bei ya chakula, ingawa chakula mmekwisha kulipia. Kundi la watu 6 na zaidi huongezewa asilimia 18 moja kwa moja. Familia ya wanne katika bufee inaweza kuacha dola 30 hadi 40 kila jioni. Ziandikeni kwenye hesabu.

Jambo ambalo matangazo hayalipigii kelele: mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu. Disney haizuii sandwichi, chapati, matunda, maandazi wala vyombo vya wali, mradi msibebe chupa za kioo wala pombe. Boksi dogo la baridi linaruhusiwa, ila barafu ya mabonge hapana. Tumieni pakiti za kugandisha. Vyumba vya hoteli zao vina friji ndogo. Asubuhi chai na maandazi chumbani, mchana chapati za kukunja kivulini, jioni sahani moja nzuri ya kununua: nawajua watoto wetu, hawatalalamika. Familia inayokula hivi haina sababu yoyote ya kununua mpango.

Basi nani anunue? Kwanza, wenye watoto kadhaa wa miaka 3 hadi 9 wanaotaka kula na Mickey na wenzake. Bei ya mtoto katika bufee ya jioni ya namna hiyo inaweza peke yake kupita zile dola 29.69 za mpango wake wa siku nzima. Zaidi ya hayo, kwa mwaka 2026 Disney ilitangaza kwamba watoto wa umri huo watapata mpango bure pale watu wazima wa kifurushi hicho wanapoununua. Rudini kwenye penseli: familia yetu ya mfano ingeokoa dola 95.32, ibaki na 684.12. Nafuu ipo, lakini kwa kuwa binti wa miaka 12 bado ni mtu mzima, haitoshi kugeuza hesabu. Mngekuwa na watoto wanne, wa miaka 4, 6, 8 na 9, ningewaambia nunueni leo.

Pili, yule ambaye akiona bei ukutani anakosa raha. Wapo wazazi, na si wachache kwetu, ambao wakimwona mtoto anaomba aiskrimu ya dola 7 wanaanza kupiga hesabu ya vocha za simu na ada za shule kule nyumbani, na safari nzima inakuwa kununa. Kama kulipa mapema kutakupa utulivu, utulivu huo una thamani. Ujue tu unaununua kwa kiasi gani.

Nikitoka kidogo nje ya hesabu: katika bustani yao ya Animal Kingdom kuna kijiji kinaitwa Harambe, kimejengwa kwa kuigiza miji ya pwani yetu, na hoteli ya Animal Kingdom Lodge ina majengo yanayoitwa Jambo House na Kidani Village. Mikahawa ya hotelini humo imepewa majina Boma, Sanaa, Jiko na Mara. Wanafunzi, mtakuwa miongoni mwa wageni wachache wanaojua maneno hayo yana maana gani, na mtaona kwamba Harambe imekosa herufi moja. Kwa mpango wa kuketi mezani, Boma ni bufee ya kuponi moja. Jiko liko katika daraja la juu, na mlo wake unakula kuponi mbili kwa kila mtu. Kabla ya kuweka nafasi popote, angalieni ni kuponi ngapi zitaondoka.

Mpango hununuliwa kabla ya safari, kwa hiyo msiamue siku ya mwisho. Orodha za vyakula vyote pamoja na bei zake ziko wazi kwenye tovuti ya Disney. Wanafunzi, hii ndiyo kazi ya nyumbani ya wiki hii: kila mmoja aandike kwa Kiswahili atakachokula siku moja pale, asubuhi hadi usiku, kitu halisi atakachokimaliza na bei yake pembeni. Mwandikieni na bibi wa kwenu, kwa kumuuliza, si kwa kukisia. Jumlisheni familia nzima, zidisheni kwa idadi ya usiku, kisha linganisheni na bei ya mpango ya mwaka huu. Leteni karatasi Jumamosi ijayo, tutazipitia pamoja na wazazi wakati wa chai.